Sura ya Sita: Jiwe na Kivuli Chake

Ukitaka kupiga picha za mawe ya nyanda hizi za kusini, ondoka Tunduma kabla ya malori. Saa kumi na moja alfajiri injini zinaunguruma tayari, foleni imekwishajipanga, na mama ntilie wamekwishabandika chai. Kuna shaba inayotoka Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam, na kuna mafuta na mbolea zinazoelekea upande wa pili. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kati ya Tunduma na Nakonde kilipozinduliwa mwaka 2019, mji huu umezidi kuwa mahali pa kugonga mihuri na kuendelea na safari. Kamera yako iache ndani ya begi. Mpakani hapapigwi picha, na hilo linahusu pia reli ya TAZARA na daraja lolote lenye askari. Utapoteza nusu siku ukijieleza, wakati mwanga mzuri unakuacha.

Songwe si jangwa. Ni mkoa wa kahawa na mahindi, na mvua ikianza Novemba huwa haina mzaha. Lakini kati ya Julai na Oktoba nyasi hukauka, mito hupungua na udongo hupasuka. Ndipo mifupa ya nchi inapojitokeza: miamba, makorongo, na kingo za Bonde la Ufa. Huo ndio msimu wa mpiga picha. Nimekutana na vijana wa Mbeya wanaoijua Antelope Canyon ya Arizona kona kwa kona, kwa sababu wameiona mara elfu kwenye simu zao, na hawajafika korongo la Isimila hata mara moja, ingawa basi la Iringa hupita jirani nayo kila siku. Siwalaumu. Hakuna aliyewaambia kwamba barabara yao wenyewe, kilomita zaidi ya 400 kutoka Tunduma hadi Iringa, upande mmoja ina jiwe lililotoka angani na upande wa pili ina korongo lenye nguzo ndefu kuliko nyumba.

Sura hii inafuata barabara hiyo, na nina neno moja la kusisitiza tangu mwanzo. Jiwe lina uzito na umri, na kamera haioni uzito wala umri. Inachoona ni mwanga na kivuli tu. Kwa hiyo anayepiga picha ya jiwe hana budi kutafuta alama: mahali palipokatwa, palipoliwa na maji, palipoguswa na mkono. Alama hizo ndizo zinazompa mtazamaji hadithi. Na ili zionekane, zinahitaji kivuli.

Kutoka Tunduma unapita Vwawa, makao makuu ya mkoa huu uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, kisha Mlowo. Baadaye unaiacha lami na kufuata barabara ya vumbi kati ya mashamba ya kahawa, hadi kijiji cha Ndolezi, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Hapo ndipo kilipo Kimondo cha Mbozi.

Mara ya kwanza nilifika saa saba mchana. Jua la Songwe huchelewa: kwa kuwa tuko magharibi sana, linazama karibu nusu saa baada ya kuzama Dar es Salaam, na utosini linafika karibu saa saba. Nilipiga picha arobaini. Zote zilionyesha kitu cheusi kilicholala juu ya zege. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa kivulini alinitazama muda mrefu bila kusema neno. Nilipomwamkia akaitikia, kisha akasema, “Marahaba, mwanangu. Ukilipiga saa hizi linatoka kama gunia la mkaa. Ngoja saa kumi na moja na nusu, litakuonyesha mwili wake.”

Nikangoja. Jua liliposhuka upande wa magharibi, mwanga ukaanza kuliparaza jiwe badala ya kuliangukia. Mashimo madogo ambayo mchana sikuyaona yakajaa kivuli moja baada ya jingine. Ngozi ya kimondo ilikuwa na mabonde na matuta kila mahali, kama udongo wa mfinyanzi uliobonyezwa kwa vidole gumba kabla haujakauka. Mzee akaja akaweka kiganja chake juu yake, akakiacha pale. Mikunjo ya mkono wake na mikunjo ya chuma ilikuwa na rangi moja, kahawia inayokaribia nyeusi. Picha hiyo ya mkono ndiyo niliyoitunza. Zile arobaini nilizifuta zote.

Jiwe hilo lina urefu wa takriban mita 3, na uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16, ingawa vitabu vya zamani viliandika 25. Karibu sehemu 9 katika kila 10 ni chuma, na kilichobaki ni nikeli hasa. Ni kimojawapo cha vimondo vikubwa vinavyojulikana duniani, ingawa hakifikii kile cha Hoba, Namibia, chenye tani zipatazo 60. Wenyeji walilijua kabla ya mgeni yeyote. Mwaka 1930 mpima ardhi W. H. Nott alilitolea taarifa, na mwaka 1967 serikali ikalitangaza kuwa urithi unaolindwa. Nott alipolitolea taarifa, sehemu kubwa ya jiwe ilikuwa imezama udongoni. Walichimba pembeni pande zote, wakaacha nguzo ya udongo chini yake, halafu wakaizungushia zege. Wageni wengi hudhani jiwe lilinyanyuliwa likawekwa juu ya msingi. Sivyo. Msingi ndio uliolifuata jiwe pale lilipokuwa.

Hilo linabadilisha picha yako. Ukipiga jiwe peke yake, umepiga kifaa cha maonyesho. Rudi nyuma hatua ishirini, mteremko wa kilima uonekane, na zege ionekane, ili mtazamaji atambue kwamba ardhi ya pembeni iliondolewa na jiwe likabaki mahali pake. Kisha sogea karibu kabisa na utafute upande uliokatwa. Kuna sehemu iliyoondolewa kwa msumeno ili ipelekwe kuchunguzwa, na palipokatwa pamenyooka kama ukuta. Hakuna sehemu nyingine ya jiwe hilo iliyonyooka. Hapo binadamu na kitu cha angani wamekutana, na mmoja ana jeraha.

Kamera ina udhaifu wake mbele ya kitu cheusi. Imetengenezwa ikidhani dunia nzima ni ya kijivu cha wastani, kwa hiyo ikiona chuma cheusi inajitahidi kukiangaza, na matokeo yake ni rangi iliyofifia kama majivu. Punguza mwanga kwa hatua moja, au hata moja na nusu. Kwenye simu, gusa jiwe kwenye skrini kisha buruta alama ya jua kushuka chini hadi weusi urudi kuwa weusi. Usitumie flashi. Flashi hupiga kutoka mbele na kufuta vivuli vyote ulivyongojea tangu mchana.

Pwani, watoto waliambiwa kwamba kimondo ni kijinga cha moto anachotupiwa shetani anayejaribu kudukiza habari za mbinguni. Neno lenyewe limebaki na mwako ule. Ndiyo maana nashauri, ukipata ruhusa ya wasimamizi kubaki baada ya giza kuingia, uweke kamera kwenye stendi, lenzi pana, tundu lote wazi, na uache mwanga uingie kwa sekunde 20. Usiku wa Agosti usio na mwezi, mbali na taa za Mlowo, Njia ya Maziwa hupita juu ya Mbozi kama moshi mweupe. Jiwe litakuwa chini na kwao kutakuwa juu. Wanyiha wa eneo hili walikuwa wafuaji chuma wa sifa, waliochoma udongo wenye madini kwenye tanuri ndefu za udongo hadi chuma kikapatikana. Kila nikikitazama kimondo nawakumbuka wao, kwa sababu hakuna watu waliostahili zaidi kuwa majirani wa jiwe la namna hii.

Ukirudi kwenye lami na kuelekea Mbeya utavuka mto Songwe. Wengi hawajui kwamba mito ya jina hilo ni miwili. Mmoja unatiririka kusini mashariki hadi Ziwa Nyasa na ndio mpaka wetu na Malawi. Huu unaouvuka barabarani unakwenda kaskazini hadi Ziwa Rukwa. Kwenye bonde lake kuna chemchemi za maji moto, na kuna mapango wanayoishi popo. Pangoni usipige picha za popo kwa flashi, kwanza kwa huruma, na pili kwa sababu vumbi la kinyesi chao hung’aa mbele ya lenzi na kuijaza picha madoa meupe. Simama mdomoni mwa pango ukitazama nje. Mwenzako aingie kati yako na mwanga, na utapata umbo la mtu na la mwamba kwa mpigo mmoja.

Kutoka Mbalizi kuna barabara inayochepuka kwenda Galula na Mkwajuni, kuteremka Bonde la Rukwa. Joto linapanda kila kilomita, na kahawa inaisha kabisa. Huko ndiko Songwe inakokaribia kufanana na jangwa: miamba ya mchanga mwekundu, kingo zilizochongwa na mito ya msimu, mibuyu. Wapiga picha hawaendi, wanasayansi ndio wanaokwenda. Mwaka 2014 walitangaza mjusi mkubwa wa kale waliyemtoa kwenye ukuta wa mwamba huo, wakamwita Rukwatitan. Mwaka 2017 wakatangaza mwingine, Shingopana songwensis, na jina hilo msomaji wa Kiswahili halihitaji kamusi. Mwaka 2019 akafuata Mnyamawamtuka moyowamkia, mnyama wa mto Mtuka ambaye mifupa ya mkia wake ina umbo la moyo. Wote waliishi zama ambazo dinosaria walikuwa bado hai duniani. Katika miamba ya bonde hilohilo yamepatikana pia mabaki ya taya na jino, yaliyotangazwa mwaka 2013, ya sokwe wa kale na tumbili wa kale wa miaka milioni 25.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya ukuta mwekundu kule Galula, piga tabaka zake. Simama sambamba na ukuta, usiutazame kwa pembe, na usubiri jua liwe pembeni ili kila tabaka litupe kivuli chembamba juu ya lile la chini yake. Weka kitu ambacho kila mtu anakijua ukubwa wake, kama ndala, jembe au baiskeli. Bila hicho, ukuta wa mita 10 na ukingo wa mtaro vinafanana. Ukiona kitu kinachofanana na mfupa, kipige kilipo, andika mahali, na utoe taarifa. Usikichomoe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda masalia hayo, na mfupa uliotolewa kwenye tabaka lake umepoteza nusu ya ushahidi wake.

Kutoka Mbeya hadi Mafinga sina mengi ya kusema kwa mpiga picha wa mawe. Uyole, Igurusi, Chimala, Igawa, Makambako: ni safari ya kukaza mwendo, yenye milima ya Kipengere mkono wa kulia na tambarare ya Usangu mkono wa kushoto. Mwezi wa Septemba mioto ya mashamba huifanya anga kuwa nyeupe kama karatasi. Tumia muda huo kusafisha lenzi.

Isimila iko takriban kilomita 20 kabla ya Iringa, karibu na barabara kuu, na bado ni rahisi kuipita. Mwaka 1951 mwanafunzi aitwaye D. A. Maclennan alikuwa akisafiri kwa barabara kutoka Nairobi kwenda Johannesburg. Alisimama hapo na kuokota mawe yaliyochongwa. Miaka sita baadaye F. Clark Howell na wenzake walianza kuchimba, mwaka 1957 na 1958, wakapata mashoka ya mkono na mapanga ya mawe kwa wingi, pamoja na mifupa ya kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 260,000 hivi. Palikuwa na ziwa la kina kifupi, na watu walikuja majini kuwinda na kuchinja. Yote hayo yamejulikana kwa sababu msafiri mmoja wa barabara hii aliamua kusimama.

Unashuka kwa miguu, mchanga laini unameza viatu, kisha unapinda kona na nguzo zinakuzunguka. Ni mchanga na udongo ulioshikamana kwa maelfu ya miaka. Maji ya mvua yakapata ufa, yakaupanua, yakaondoa laini na kuacha ngumu. Kilichosimama leo ni kile ambacho maji hayajamaliza kukila. Nguzo nyingine zina rangi ya kutu, nyingine ni kijivu, na juu zimevaa kofia ya tabaka gumu lililozikinga.

Tatizo la kwanza ni anga. Chini ya korongo kuna kivuli, juu kuna weupe mkali, na kamera haiwezi kubeba vyote viwili. Mwaka 1927 mpiga picha Ansel Adams, akiwa kijana wa miaka 25, alipanda mlima ndani ya Yosemite kule California na mzigo wa vioo vya picha. Alipofika mbele ya mwamba wa Half Dome alikuwa amebakiwa na viwili. Kwa kioo cha kwanza akatumia chujio la njano, kisha akatambua kwamba anga lingetoka jepesi mno, lisilolingana na alichokihisi. Kwa kile cha mwisho akaweka chujio jekundu. Anga likawa karibu jeusi, na mwamba ukasimama kwa hofu yake yote. Somo ninalolichukua hapo ni kwamba aliamua kwanza jiwe lionekane vipi, ndipo akafungua lenzi.

Isimila suluhisho langu ni kuliacha anga nje kabisa. Jaza fremu kwa nguzo na ukuta ulio nyuma yake. Kisha tafuta mahali ambapo jua limepiga ukuta mmoja na ukuta unaoutazama uko kivulini. Mwanga hugonga ule wa kwanza, unabeba rangi yake, na unarudi kwenye ule wa pili ukiwa na joto la kaa la moto. Ni mwanga uleule unaowavuta watu hadi Arizona. Unakuja asubuhi jua linapoanza kuingia korongoni, na unarudi alasiri. Patana na mwongozaji siku iliyotangulia, ulale Iringa, ufike mapema.

Ukiinua kamera itazame juu, nguzo zitaonekana zinaegemeana kama walevi. Rudi nyuma kadiri korongo linavyoruhusu, shika kamera wima na usawa, upige fremu tatu za kupishana, uziunganishe baadaye. Mwenzako asimame chini ya nguzo, asiiguse. Usibadilishe lenzi humo, kwa sababu vumbi la Isimila ni jepesi kama unga na likikaa ndani ya kamera halitoki. Ukitaka kurusha droni, pata kwanza kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Kabla ya kuondoka, inama. Chini ya nguzo utaoneshwa shoka la mkono, jiwe la umbo la tone la maji linalojaa kiganjani. Makali yake yana makovu ya mapigo, kila kovu ni pigo moja la mtu aliyejua alichokuwa akikifanya. Omba mwongozaji alishike yeye, mwanga ukiwa pembeni, na upige makovu hayo moja baada ya jingine. Nina picha nyingi za nguzo za Isimila, lakini watu wakija nyumbani ndiyo hiyo wanayoiomba kuitazama tena.

Mvua inayofichua mashoka hayo ndiyo hiyohiyo inayozibomoa nguzo. Kila masika korongo linabadilika kidogo, kofia moja inaanguka, ufa mmoja unapanuka, na hakuna atakayejua lini isipokuwa kama kuna picha. Shule nyingi za Iringa na Mbeya zimepeleka wanafunzi Isimila na Mbozi kwa miaka mingi, na picha za ziara hizo zimelala kwenye masanduku ya nguo, wanafunzi wakiwa wamejipanga mbele ya nguzo ambazo huenda leo hazipo. Kama unayo moja, itoe sandukuni. Iandike nyuma mwaka na mahali mliposimama, ipige nakala kwa simu, na uende nayo kiangazi hiki hadi pale pale, ukapige nyingine.